Nitapita Kwako

Jumatatu, 3 Mei 1976

Nzige wamefika.

Wametua alasiri, wekundu, bila kelele, kama waumini waliochelewa ibada. Jua lilipofifia nikadhani ni wingu. Nikamwambia Ketrina aanue ulezi uani. Mke wangu akatazama juu kwa muda, akasema wingu hilo lina mabawa.

Sasa wamelala kwenye mtama, kando yote ya mto Momba. Mabua yamepinda kwa uzito wao. Kwenye baridi hutulia. Jua likipanda huanza kula, na sauti yake ni kama moto kwenye nyasi kavu, ila moshi hakuna.

Niandike shamba langu lilipo, ili mambo yaeleweke. Hapa kijijini mto unakunja kiwiko. Shamba la ujamaa liko kwenye mkono. Shamba la Kefa liko ndani ya kiwiko. Langu liko kwenye ncha yenyewe, limekumbatiwa na mto. Ardhi nzuri. Kefa ni shemeji yangu, kaka yake Ketrina, na mzee wa kanisa mwenzangu. Tunapendana katika Bwana. Nje ya hapo ni mtu wa kuudhi.

Mtama umebakiza muda mfupi kukomaa. Ndicho chakula chetu mpaka mwakani. Mwaka huu sikupanda mahindi, nilikuwa na sababu zangu. Ketrina anazikumbuka sababu hizo kuliko mimi.

Jioni amekuja Lusungu, bwana shamba wetu, kwa baiskeli. Anasema ndege ya kunyunyiza dawa imeshatua upande wa Ivuna, kwenye uwanja wa nyasi waliofyeka karibu na wachimba chumvi. Tuvumilie. Nimeongoza maombi. Nimeyaombea mashamba yote ya kijiji, nikianza na la pembeni.

Jumanne, 4 Mei

Rubani mwenyewe amekuja, kwa Landrova, pamoja na Lusungu. Anaitwa Athuman, mtu wa Tanga, mpole, sauti ya chini. Nilitarajia mtu mkubwa zaidi.

Ameleta mashuka manne meupe. Anasema asubuhi bondeni kuna ukungu, na ukiwa juu mashamba yote ni rangi moja, kwa hiyo anahitaji alama. Atapita juu ya shuka la kwanza, la pili, la tatu, la nne, na dawa itashuka njia nzima. Tukatembea naye kando ya mto akiyapanga. La kwanza shamba la ujamaa. La pili mwanzo wa shamba la Kefa. La tatu kwenye kichuguu cha mpakani, kati ya Kefa na mimi. La nne ng'ambo, kwenye mchanga.

Nikaona kosa papo hapo. Mashuka yamekaa mviringo. Hakuna mstari hata mmoja ulionyooka.

Sisemi kwa kujisifu. Tulipohamia kijijini, nyumba zote zilipopangwa kwa mistari, aliyeshika kamba ni mimi, Abrahamu Simfukwe. Kila kona ya kijiji hiki ni kona. Ukiweka yai juu ya ukuta wa mtu wa kwanza, utaliona kutoka kwa mtu wa mwisho. Nikamweleza rubani hayo kwa adabu. Nikamwambia hata manabii walihimiza kunyoosha mapito.

Akanisikiliza mpaka mwisho, nampongeza kwa hilo. Kisha akasema ndege si mtu wa miguu. Mtu wa miguu anafika kwenye kona, anasimama, anageuka, anaendelea. Yeye hawezi kusimama. Lazima aanze kugeuka kabla hajafika, bawa liinuke taratibu na lirudi taratibu. Akiwa chini na mzigo wa dawa, akilazimisha kona kali, bawa la ndani linachoka na yeye anaanguka mtamani. Kwa hiyo anayapanga mashuka kama shanga kwenye uzi uliolegea. Shuka likikaa pabaya, analiacha, anakata kona na kwenda kwenye linalofuata.

Kefa akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyezaliwa kwenye ndege. Akauliza shamba la shemeji litapataje dawa kama njia inaishia kichuguuni. Aliuliza kwa ajili yangu, lakini kwa sauti ambayo sikuipenda. Rubani akasema upepo wa asubuhi unatoka kwa Kefa kwenda mtoni. Dawa itasogea yenyewe na kulala juu ya mtama wangu. Ndiyo hesabu yake.

Hesabu ya upepo! Mimi nipewe masazo ya dawa ya Kefa, yaliyoletwa na hewa.

Kila shuka lina mlinzi wake, wa kulitandika alfajiri na kulibana kwa mawe. La pili amepewa Kefa. La tatu mimi. Kesho ni zoezi tu, bila dawa. Wakati wa kuagana rubani akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Basi mzee, kesho saa moja asubuhi nitapita kwako."

Mbele ya watu wote. Kwangu. Hakumwambia Kefa.

Jumatano, 5 Mei

Siandiki kwa furaha.

Mgeni akisema atapita kwako, unafanya nini? Unafagia. Unachemsha. Nilimwambia Ketrina tumtoe jogoo mwekundu. Akaniuliza ndege itasimama wapi. Nikamwambia hayo ni mambo ya rubani, sisi yetu ni mapokezi. Kwa kuwa mgeni ni Mwislamu, jana hiyohiyo nilimpeleka jogoo kwa Zahoro, muuza chumvi anayekaa karibu na kisima, amchinje yeye kwa kisomo chao. Zahoro akasema nimefanya jambo la kiungwana. Akauliza kama rubani anajua. Nikasema ameahidi mwenyewe.

Ketrina aliamka kukiwa bado giza. Mimi nikatandika shuka kichuguuni, nikarudi, nikavaa koti la kanisani. Kiti kimoja uani, kimefunikwa kitambaa. Maji ya kunawa. Firigisi nikaiweka kwenye kibakuli chake peke yake, maana firigisi ni ya mgeni wa heshima.

Saa moja akapita.

Alipita juu ya kichuguu chini sana, nikaona tumbo la ndege. Mbuzi alikata kamba. Kitambaa kikaruka kutoka kwenye kiti. Nikapunga mkono, nikaelekeza kwenye kiti, nikaelekeza kwenye jiko. Akainamisha bawa, akauzunguka mto, akaenda zake. Nikasema anatafuta mahali pa kutua. Nikangoja. Nikasema ametua ng'ambo, anakuja kwa miguu. Nikangoja. Wali ukapoa.

Kefa akaja jua likiwa kali. Akamtazama jogoo, akatazama koti langu.

"Shemeji, mgeni wako kapita?"

Nikasema kapita.

"Kweli kapita. Hata mimi nimemwona akipita."

Akakaa kwenye kiti. Ketrina akamkaribisha, ni kaka yake, afanyeje. Amekula firigisi. Ameila polepole, huku akisifu chumvi.

Lakini Mungu hamwachi mtu wake bila kumfundisha jambo. Ndege ilipopita nilikiangalia kivuli chake. Kivuli kilitembea juu ya shamba la Kefa lote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Langu kililigusa pindo tu, kama mtu anayegusa nguo ya maiti.

Alhamisi, 6 Mei

Nzige wamekula majani ya chini yote. Sasa wanapanda kwenye masuke. Kwangu ni wengi kuliko kwa Kefa, au naona hivyo.

Nimemfuata Lusungu. Nimemwomba shuka la tatu lisogee kidogo kuja kwangu. Amekataa. Anasema shuka ni la rubani, si la mzee wa kanisa. Nimemwambia mimi ni balozi wa nyumba kumi pia. Amesema basi nikawaongoze nyumba hizo kumi kufungia kuku na mbuzi ndani, maana kesho dawa ni ya kweli, na atakayekula nzige waliokufa tutamzika.

Ketrina ana wazo lake. Anasema tuvune sasa hivi, hata kama punje ni mbichi, tuyakate masuke tuyaanike darini. Wanawake wenzake wako tayari kumsaidia. Nusu mbichi, anasema, ni nyingi kuliko nzima tumboni mwa nzige.

Nimemwambia kwa upole kwamba hiyo ni imani haba. Ndege inakuja. Serikali imetoa dawa, rubani ametoka Tanga, halafu sisi tuonekane tunakata masuke mabichi kama watu wasio na Mungu wala Serikali? Akanyamaza. Namjua Ketrina. Akinyamaza ni kwamba hajakubali, anachofanya ni kupanga.

Mimi pia nimepanga. Nimekaa kichuguuni jioni nzima nikifikiri. Rubani ni mtu mwaminifu. Ameahidi kupita kwenye shuka. Basi anafuata shuka. Shuka likiwa katikati ya shamba langu, ndege itapita katikati ya shamba langu. Mtoto wa darasa la kwanza anaona hilo. Mtama ni mrefu, Kefa akiwa kwenye shuka lake hanioni. Na si wizi, shuka linabaki kuwa shuka, na dawa ni ya wote.

Nimelipeleka jambo hili kwenye maombi. Sikusikia katazo.

Ijumaa, 7 Mei

Alfajiri nimetandika shuka katikati ya mtama wangu. Nimevunja mabua kidogo kupata nafasi. Nimelibana kwa mawe manne ya mtoni. Kisha nikajificha chini ya mti kando kidogo, uso nimeufunika, kama tulivyoagizwa.

Ndege ikaja. Ilitokea upande wa shamba la ujamaa, dawa ikishuka nyuma yake nyeupe kama ukungu wa pili. Ikapita shuka la kwanza. La pili. Nikasimama. Nikasema, Bwana, sasa.

Ikaanza kugeuka. Mapema mno. Bawa likainuka, ndege ikaegemea upande wa ndani, ikapita juu ya shamba la Kefa, ikaenda moja kwa moja kwenye shuka la nne. Kwenye kichuguu haikufika. Kwangu upepo umeleta dawa kidogo, utepe mwembamba mpakani. Jumatano, shuka lilipokuwa kichuguuni, angalau niligusiwa pindo.

Kwa Kefa nzige wanaanguka kama mvua. Kwa ujamaa hivyohivyo. Kwangu wamekufa wa mpakani tu. Wengine wamesogea ndani zaidi, nadhani na wa Kefa waliobaki hai wamekuja kujiunga nao.

Lusungu alipita mchana kwa baiskeli akiharakisha kwenda shamba la ujamaa. Akasema limebaki pipa moja la dawa, rubani atarudi kesho kumaliza palipobaki. Akaniuliza kama shuka lilikuwa mahali pake. Nikasema shuka lilikuwa shambani. Si uongo.

Nimekaa nimefikiri. Kwa nini aliliacha? Jibu nimelipata wakati wa sala ya jioni. Hakuliona vizuri. Lilikuwa katikati ya mabua marefu, na nililisogeza kwa woga. Mtu akifanya jambo kwa nusu, anapata nusu. Kesho litakwenda mpaka ncha kabisa, kwenye mwamba juu ya mto, mahali peupe. Akitaka kulifikia, sharti apite juu ya shamba langu lote.

Jumamosi, 8 Mei

Natamani siku hii isingeandikwa, lakini nilijiahidi kuandika.

Shuka lilikuwa kwenye mwamba. Lilionekana mpaka Zambia. Nilisimama karibu nalo, na shati langu jeupe nikalivua nikalipunga, ili kuwe na alama mbili.

Ndege ikapita shuka la pili. Haikuinamisha bawa hata kidogo kuja kwangu. Ilichepuka mara moja tu, taratibu, kama mtu anayepishana na mlevi njiani, ikaenda kwenye shuka la nne. Dawa ya pipa zima ikaangukia kwa Kefa, juu ya nzige waliokwisha kufa jana.

Kisha kimya. Mlio ukapotelea upande wa Ivuna.

Jua likapanda. Nzige wangu wakapata joto.

Nilikimbia mtamani na tawi. Nilipiga kelele, nilipiga debe. Wanaruka hapa wanatua pale. Kwenye kona ya juu nikamkuta Ketrina na wanawake watatu, wamefunga khanga viunoni, wanakata masuke na kutupa kwenye matenga. Nikamwambia mke wangu kwamba hakuniomba ruhusa. Hakuacha kukata. Akasema, "Baba Loisi, shika tenga."

Nikashika tenga.

Tumeokoa matenga machache. Alasiri hakukuwa na kitu cha kukata. Mabua yamebaki kama vijiti vya kufagilia. Halafu nzige wakainuka wote kwa pamoja, wameshiba, wakaenda zao kuelekea Rukwa. Hawakugusa kitu kingine. Kivuli chao kikapita juu ya nyumba yetu, Ketrina amesimama mlangoni, mikono yake imejaa vidonda vya mabua.

Nimesoma zaburi peke yangu.

Jumapili, 9 Mei

Ibada imekuwa ya shukrani. Kijiji kimepona. Kefa alisimama akashukuru, akalia kidogo. Aliponyamaza akaomba kanisa limkumbuke shemeji yake. Watu wote wakageuka kunitazama. Nikainama kama mtu anayeomba, na nikaomba kweli, kwamba waache kunitazama.

Baada ya ibada Lusungu akaniambia rubani anaondoka kesho. Amesema leo jioni atapita kwangu kuniaga.

Sasa mimi si mtu wa kudanganywa na neno lilelile mara mbili. Kupita kwa rubani nimeshakujua. Nikamwambia Ketrina asihangaike na jiko, asiguse kuku, tutakwenda kumpungia tu. Ketrina akauliza nina hakika. Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu nzige waje.

Jioni nikaenda kichuguuni na shuka la tatu, nikalitandika mahali pake pa zamani, kwa heshima. Nikasimama nikiangalia angani upande wa Ivuna. Niliangalia mpaka shingo ikauma. Nikasikia mlio, nikapunga shati. Ilikuwa Landrova.

Imesimama nyumbani kwangu. Rubani ameshuka na kofia mkononi, amekuja kunipa pole ya shamba. Ketrina alikuwa peke yake, anafua. Hakuwa na kitu ila togwa ya juzi. Rubani akaninywea togwa yangu, akaketi kwenye kile kiti, akaningoja. Mimi nilikuwa kichuguuni naangalia mawingu. Mwisho akasema giza linakaribia, akaaga.

Kefa alikuwa njiani. Unajua tena. Kefa alikuwa na kuku, ameshachinjwa na Zahoro, kwa ajili ya shukrani. Rubani alikula kwa Kefa. Firigisi ameila rubani.

Jumanne, 11 Mei

Kefa alikuja asubuhi, nikiwa nang'oa mabua. Akashika jembe la pili bila kuulizwa, tukang'oa pamoja kwa muda mrefu. Sikupenda kimya chake.

Kisha akasema, juzi walipokuwa wanakula, rubani alimwambia jambo la ajabu. Alisema katika kazi yake ameona mengi, lakini hajawahi kuona shuka linalotembea. Jumatano lilikuwa kichuguuni. Ijumaa lilikuwa shambani. Jumamosi limefika mtoni, kama linakwenda kunywa maji.

Nikasema labda ni upepo.

"Na mawe pia? Huo upepo una mikono, shemeji."

Yeye akaendelea kung'oa. Akasema rubani alimchorea mezani kwa ugali. Kidole kikitoka shuka la pili kwenda kichuguuni kinateleza vizuri, kinafika. Kikitakiwa kwenda mpaka ncha ya kiwiko kisha kirudi kwa la nne, kinavunjika. Kadiri shuka lilivyosogea kwangu, ndivyo ndege ilivyolazimika kukaa mbali nami. Lingebaki kichuguuni, upepo ungeniletea dawa yote. Kefa mwenyewe aliona Jumamosi jinsi ukungu ule ulivyokuwa unasogea kuelekea kwangu ukaishiwa nguvu njiani.

Nilimuuliza amemwambia nani. Akasema hajamwambia mtu. Hata dada yake. Halafu akasema dada yake anajua, kwa sababu dada yake anafua, na shati langu lilikuwa na matope ya mwamba.

Alipomaliza mstari wake akafuta jembe kwa nyasi. Akasema mtama wake mwaka huu ni mwingi, na wote ni wa dada yake sawa na wa kwake. Nitume watu wakati wa kuvuna. Au nije mwenyewe, anapenda kuniona nikibeba kitu kwenda mahali kinapotakiwa kwenda.

Akaondoka. Nilitaka kukasirika. Macho yakanijaa maji badala yake, nikasingizia vumbi la mabua, ingawa hapakuwa na mtu wa kudanganywa.

Nimefikiri sana usiku wa leo. Ketrina amelala, mikono ameipaka mafuta. Naona sasa jinsi Mungu alivyofanya. Aliikunja njia ya ndege kwenda kwa Kefa, ili Kefa apate cha kunigawia, ili Kefa apate thawabu. Bila shuka langu, Kefa angepata wapi thawabu hiyo? Naandika hivi kwa unyenyekevu.

Hata hivyo mstari ulionyooka ni mstari ulionyooka. Kosa lilikuwa kutumia ndege.

Jumatatu, 24 Mei

Habari njema, na nimeitunza mpaka nipate nafasi ya kuandika vizuri.

Greda limekuja. Barabara ya kupandisha mazao kwenda Tunduma inachongwa upya na itapita hapa kijijini. Lusungu na wapimaji wamepigilia vigingi njia nzima. Barabara inapita mlangoni kwa Kefa, kisha inapinda na kutuacha sisi nyuma, mbali, kama watu wenye ukoma.

Kila kigingi muhimu kimepewa mlinzi. Cha kona nimepewa mimi. Kefa ndiye aliyenipendekeza. Alisema mbele ya mkutano kwamba shemeji apewe kitu kilichopigiliwa chini. Watu wakacheka, Lusungu akacheka. Mimi nimeona ni imani kubwa, nimemshukuru.

Leo jioni nimekitoa kwa sururu. Kilikuwa kimekaa pabaya kweli. Nimekipigilia upya nyuma ya kiwanja chetu, nyuma ya jiko la Ketrina, ili barabara ije mpaka pale, ifanye kona moja nzuri ya haki, na kiwanja chetu kiwe barabarani pande mbili. Tutauza uji kwa wasafiri. Mtama wa Kefa utatosha kuanzia. Ketrina hajui bado. Nataka afurahi ghafla, amenyamaza mno tangu siku zile.

Nimezungumza na dereva wa greda, Yahaya, mtu mchangamfu. Nimemuuliza kama ana shida na kona kali. Akacheka, akasema, "Usijali mzee wangu, kona nitaikata vizuri." Mtu wa kazi. Hana habari za bawa kuchoka. Halafu, bila mimi kumwomba, akasema kesho saa moja asubuhi atapita kwangu.

Nimelipima neno hilo pande zote. Ndege ni ya juu, kwa hiyo ilipita juu. Landrova ni ya chini, ikaja mpaka uani. Greda ni la chini. Basi litakuja. Litafika kwenye kigingi, litasimama, litageuka.

Jogoo aliyebaki ameshachinjwa kwa Zahoro. Kitambaa kiko kitini. Nimemwambia Ketrina awahi kukoka moto, kisha atoke nje aje tumpokee mgeni pamoja uani.

Na safari hii Kefa hatakula firigisi. Nimeificha jikoni, pale ukutani, mahali ambapo hakuna mtu atakayepita.